Mlinzi Akimgeukia Mwenye Nyumba



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamwekea ndani ya damu yake walinzi asiowaona wala asiowalipa ujira.

Wako jamaa zetu wa Kilifi na Kwale waliopanda bara kwa biashara, wakakaa Meru miaka mingi, riziki yao ikiwa katika soko la Gakoromone, baina ya mikungu ya ndizi na magunia ya viazi. Huko ni nchi ya baridi, kando ya Mlima Kenya, na malaria si nyingi kama huku kwetu. Mtu wa namna hii akirudi kwao kwa harusi au matanga, homa yaweza kumwangusha vibaya kuliko ndugu zake ambao hawakuondoka. Papo hapo maneno huanza: ameonewa choyo kwa mali aliyokuja nayo, amefanyiwa kitu. Na jirani mmoja, aghalabu mwanamke mzee asiye na wa kumtetea, hutajwa jina.

Dhana hii ni dhambi, tena ni ujinga, kwani sababu yajulikana. Katika damu mna chembe nyeupe, na miongoni mwake ni zile ziitwazo chembe B. Jina hili lina kisa chake. Mtu akimchinja kuku mchanga, ataona karibu na mwisho wa utumbo wake kifuko kidogo. Fabricius, mwalimu wa tiba katika mji wa Padua, alikieleza kiasi cha miaka 400 iliyopita, wala hakuna aliyejua kazi yake mpaka mwaka 1956, Bruce Glick na wenzake huko Marekani walipoonyesha kwamba kuku aliyeondolewa kifuko hicho angali mchanga hushindwa kutengeneza kingamwili. Khabari hiyo ilitoka katika jarida la mambo ya kuku, na matabibu wengi hawakuishughulikia kwa miaka kadhaa. (Hata wenye elimu huidharau elimu wakiona imetoka bandani.) Kifuko kwa Kilatini ni bursa, ndipo ikaja herufi B. Sisi wanadamu hatuna kifuko hicho. Chembe zetu B hutoka katika uboho wa mifupa.

Kila chembe B huzaliwa ikijua kukamata umbo la namna moja tu. Akiingia adui mwenye umbo lile, chembe hiyo huzaana. Baadhi ya watoto wake huwa viwanda vya kutoa kingamwili kwa maelfu kila sekunde, na wengine hubaki miaka wakimkumbuka adui yule. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayotafutwa kwa chanjo. Mwaka 1961 matabibu walioko Gambia walieleza jinsi walivyochukua kingamwili katika damu ya watu wazima wakawapa watoto wenye malaria, na vijidudu vikapungua sana katika damu za watoto hao. Mwaka 1963 ikaandikwa kuwa kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwafaa hata watoto wa Afrika Mashariki. Lakini kinga ya malaria haikai kama ile ya surua. Yataka kukumbushwa, na mtu akikaa miaka penye baridi hupungukiwa na sehemu yake. Basi huyo mfanya biashara wa Gakoromone ashukapo pwani na alale ndani ya chandarua, na siku ya kwanza ya homa apimwe damu. Yule bibi kizee aachwe na tasbihi yake.

Sasa liko jambo zito zaidi. Chembe hizi hupewa maumbo kwa kuchanganywa-changanywa, na katika mchanganyiko huo hutokea zinazoukamata mwili wenyewe. Uboho huzijaribu: nyingine hubadilishwa, nyingine huuawa, nyingine hunyamazishwa. Hata hivyo wako wanaopenya, na mlinzi asiyemjua mwenye nyumba akipata nguvu, humpiga. Hapo ndipo hutokea maradhi kama namna moja ya baridi yabisi, na lile liitwalo lupasi, ambalo kiasi cha wagonjwa 9 katika 10 ni wanawake. Leo viungo vyauma, kesho uso watoka wekundu ulioenea mashavuni kama mbawa za kipepeo, kisha nywele zaanguka, na jua lazidisha yote. Kwa vile maradhi yahamahama, watu husema ni jini anayehama. Mwanamke hupelekwa kwa mganga huyu na yule, mbuzi huchinjwa, miezi hupita, na huku mafigo yaharibika kimya kimya bila ya maumivu. Kupima mkojo kama una protini ni kazi ndogo sana kuliko mbuzi mmoja. Maradhi haya hayaambukizi, wala si aibu ya ukoo; mume anayemrudisha mke kwao kwa ajili yake hana hoja mbele ya Mungu.

Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) ametuamrisha kutafuta dawa, na dawa zipo. Moja kubwa, haidroksiklorokwini, ni jamaa ya ile klorokwini tuliyokuwa tukiimeza kwa malaria. Iko na rituksimabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1997 kwa saratani ya chembe B na mwaka 2006 kwa baridi yabisi. Hiyo huziondoa chembe B zenyewe, ni ghali, na mwenye kuitumia huwa mwepesi wa kupatwa na maradhi mengine, kwani amewafukuza walinzi wema pamoja na waovu.

Wako dada zetu wanaoacha vidonge vya steroidi ukifika Ramadhani, kwa kuona haya kumeza kitu mchana. Ruhusa ya mgonjwa imetoka kwa Mwenyezi Mungu, si kwa majirani. Kuviacha ghafla, baada ya kuvitumia muda mrefu, kwaweza kumtia mtu katika khatari ya kufa. Amwendee tabibu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, amwulize kama kufunga kutamdhuru, na kama kipimo chake chaweza kuhamishwa kikaliwa wakati wa daku.