Mvua ni ya Mungu, Usukani ni Wetu

Machi 2015 mvua ya mawe iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, usiku. Kuta za tope ziliwaangukia watu wakiwa ndani, wakafa zaidi ya 40. Tulisema kazi ya Mungu haina makosa, na hadi leo sina neno jingine. Aliyelala nyumbani kwake hakuchagua lolote.

Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi, Kenya, basi la wanakwaya wa Kikatoliki waliokuwa wakienda harusini liliingizwa katika mto Enziu uliofurika. Lilipinduka watu wakitazama kutoka ukingoni, na zaidi ya 30 wakafa. Hapo maneno yale yananikwama kooni. Mvua aliileta Mungu. Kukanyaga mafuta kulikuwa uamuzi wa mtu.

Mimi ni katekista. Vigango vyangu viko njia ya Kahama kwenda Kakola, nami husafiri kwa mchomoko, gari dogo la abiria. Msimu wa mvua uliopita tulikuta maji yamepita juu ya kalavati, mazito kwa tope, yakikokota mabua ya mahindi. Kioo cha gari kiliandikwa Mungu Mbele. Kijana mmoja, ambaye mawe yake ya dhahabu yalikuwa yanasubiri zamu ya kusagwa kwenye karasha, akahimiza: "Suka, pitisha tu, Mungu yupo." Mama aliyempakata mtoto akasema kwa upole: "Baba, naomba unishushe kwanza." Dereva akazima gari. Maji yalipopungua jioni tuliona upande mmoja wa barabara umeliwa wote, kalavati limebaki wazi.

Lakini hata kama kalavati lingekuwa zima, mama yule angekuwa sahihi vilevile. Maji ya tope hayaonyeshi chini. Yakienda kasi, kina cha sentimita 30 chatosha kulifanya gari dogo lielee, na sentimita 60 huyabeba magari mengi, makubwa kwa madogo. Anayevuka salama katika hali hiyo husimama kanisani kutoa ushuhuda, na sisi tunapiga makofi. Ushuhuda huo ndio unaomwingiza mwingine majini wiki inayofuata.

Katika Injili, Yesu alipowekwa juu ya kinara cha hekalu alikataa kujirusha, ingawa ahadi ya malaika ilitajwa mbele yake. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kwamba Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Na hao wawili walikuwa wakizungumzia nafsi na mali ya mtu mwenyewe. Dereva ana roho za watu nyuma yake. Akitaka kuipima imani yake, roho ya mtoto aliyepakatwa anaihatarisha kwa idhini ya nani?

Simlaumu yule kijana kwa haraka yake. Zamu ya karasha ikipita, anaogopa riziki imepita nayo. Ila nadhani hapo ndipo imani yetu ilipo ndogo. Tunamwamini Mungu atashika gari lisipinduke, lakini hatumwamini kwamba riziki aliyotuandikia itatusubiri hadi jioni. Basi atakayeniomba nimwombee safari wakati wa mvua, nitamwombea hivi: dereva apewe moyo wa kusubiri, na abiria apewe ujasiri wa kusema nishushe.