Namba za Watu ni Amana

Kaa kitako, mjukuu wangu. Simu iweke hapo mkekani, haitakimbia. Sikukuita nikugombeze kwa ajili ya mkopo. Kukopa si aibu, na bati la nyumba hii lilipigwa kwa fedha za kukopa. Nataka tuzungumze juu ya majina ya watu.

Ile programu ya mikopo ilipoingia kwenye simu yako, iliomba kuona majina uliyohifadhi, kusoma meseji zako na kufungua picha zako. Ukabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kwa kuwa ada ya chuo ilikuwa inadaiwa na tarehe imefika. Haraka hiyo naielewa. Lakini ndani ya simu yako alikuwemo fundi anayekushonea, alikuwemo mwalimu wako wa madrasa, alikuwemo yule mama aliyekupa namba yake msibani ili umjulishe siku ya khitma. Ulipochelewa kulipa, ndio walioandikiwa. Nami niliandikiwa kwamba wewe ni tapeli, unakimbia deni, na kwamba mimi ni mdhamini wako. Shangazi yako alipigiwa alfajiri, na presha yake unaijua. Kati yetu hakuna aliyekopa, wala hakuna aliyeulizwa.

Maneno yangu yote yako hapo. Deni ni lako. Picha zako, ukipenda kuzianika, ni zako. Namba yangu si yako. Nilikupa unijulie hali, ukaipokea kama amana, na amana haitolewi kwa mtu wa tatu bila mwenyewe kujua.

Sisi tumelelewa kwa hodi. Surat an-Nur imetuamrisha tusiingie nyumba za wengine mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe, na mafundisho ya Mtume yakaweka kikomo: mara tatu, usipopewa idhini rudi. Sasa tafakari ni nani mwenye kutoa idhini hiyo. Ni mwenye nyumba. Jirani hana mamlaka ya kumkaribisha mgeni kwangu. Ile programu ilipiga hodi kwako, wewe ukaikaribisha kwetu sote, na sisi tumelala. Ninapokuona unabonyeza ruhusu bila kusoma, roho huniuma, kwa sababu najua hukulelewa hivyo.

Usidhani ni fikra za mzee tu. Google tangu tarehe 31 Mei 2023 imezikataza programu za mikopo binafsi zilizomo kwenye Play Store kugusa majina na picha za mkopaji. Ndiyo maana wewe uliletewa linki, ukaambiwa pakua hapa. Mkopeshaji anayekukwepesha dukani ana jambo analolikimbia. Novemba 2024 Benki Kuu yetu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa majirani zetu Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data alimtoza mkopeshaji mmoja wa simu faini ya shilingi 2,975,000 za kule, kwa kosa hilihili la kuchukua namba za watu wengine na kuwatumia vitisho. Nchi mbili zimeona jambo moja. Mkopeshaji wa namna hii dhamana yake si mshahara wako, ni haya ya watu wanaokupenda.

Na si mikopo peke yake. Mjomba wako nilimweleza, nikarudia, na leo narudia kwako, ingawa nimechoka kulisema. Akikuandikia mtu, hata akiwa na picha na jina la ndugu yako, kwamba kuna namba sita zimekuja kwenye simu yako kwa bahati mbaya umrudishie, usimrudishie. Zile ni ufunguo wa WhatsApp yako. Akizipata anaingia, wewe unatolewa, na dakika hiyohiyo anaanza kuwaomba fedha watu wa magrupu yote uliyomo, kwa jina lako. Hasara yako ni usumbufu. Hasara ya kweli ni ya bibi fulani atakayetuma elfu hamsini kwa sababu anakuamini. Weka uthibitishaji wa hatua mbili leo, uchague namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipeleke kwenye namba 15040. Piga pia *106# uone kama kuna laini usiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Wala simu siichukii. Kabla fedha hazijaanza kwenda kwa simu mwaka 2008, tukimtumia mtoto matumizi shuleni tuliweka noti kwenye bahasha tukampa konda wa basi, kisha tukangoja siku mbili tatu tukiomba Mungu. Leo inafika kabla sijavua miwani. Dada yako aliye Muscat namsikia anavyocheka kila Ijumaa, na sauti alizonirekodia ninazo, naziweka sikioni usingizi ukinipaa. Juzi ulinitafutia nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mimi nilikaa barazani nikamsikiliza mpaka magharibi. Raha hiyo umenipa wewe, kwa simu hiyohiyo. Ndiyo sababu sikwambii uitupe. Nataka raha hizi zibaki, na zitabaki iwapo watu hawataogopa kukupa namba zao.

Basi leo usiku fungua mipangilio, ingia kwenye ruhusa, upite programu moja moja. Tochi inataka majina ya nini? Mchezo wa karata unataka kujua uko wapi kwa nini? Pasipo sababu ondoa, na usichokitumia kifute kabisa. Ila ujue pia, maana sipendi ujidanganye: kuifuta ile ya mikopo hakurudishi majina iliyokwisha kuyachukua. Hayo yako kwao. Kwa hiyo waendee watu. Fundi unamfikia kwa miguu. Yule mama wa khitma mpigie kwa sauti yako, usimwandikie, na akikuomba ufute namba yake, ifute papo hapo bila kujitetea.

Deni nimeshazungumza na baba yako, tutalimaliza mwezi huu. Meseji za vitisho usifute hata moja; zipige picha kwenye kioo, na za shangazi yako vilevile, pamoja na saa walizompigia. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Kesho asubuhi utakaa na shangazi yako uandike. Lalamiko litakwenda kwa jina lake, si lako, kwa kuwa yeye hakukopa kitu wala hakumruhusu mtu.