Gitaa la Jumamosi, Madhabahu ya Jumapili



Kuna swali ambalo limezunguka kwenye vikundi vyetu vya nyumbani wiki hizi, kutoka Makongeni kule Thika hadi Kihunguro hapa Ruiru. Kijana anayepiga mugithi Kamakis Jumamosi usiku, je, anaweza kushika gitaa madhabahuni Jumapili asubuhi? Wengine wanasema aondolewe leo leo. Wengine wanasema muziki ni muziki tu, aachwe. Naomba mniruhusu nitofautiane kidogo na pande zote mbili.

Tuanze na wale wanaosema mdundo wenyewe ni mchafu kwa sababu umetoka kwa baa. Hebu tuangalie Jumapili zetu. Sifa zikipamba moto, gitaa linaanza kukimbia, akina mama wanatoa leso, kanisa lote linazunguka. Hiyo tunaiita seben. Sasa, seben haikuzaliwa kanisani. Ni ile sehemu ya rumba ya Kongo ambapo kuimba kunapungua, gitaa linaongoza, na watu wanaachiwa nafasi ya kucheza. Ilikomaa kwenye baa na kumbi za dansi za Kinshasa, na bendi kama Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa mwaka 1969, zikaiongezea kasi. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sijasikia mshirika hata mmoja akiomba seben iondolewe.

Benga ni vivyo hivyo. Wapiga gitaa wa Kijaluo walihamisha mapigo ya nyatiti kwenye nyuzi za gitaa, kina D.O. Misiani wakaueneza mtindo huo, na huku kwetu kina Joseph Kamaru na Daniel Kamau wakauimba kwa Kikuyu. Mwaka 1993 Kamaru alitangaza kwamba ameokoka, akageukia nyimbo za injili. Vidole vilivyopiga vilikuwa vile vile. Panda matatu ya 237 asubuhi usikilize injili ya Kikuyu inayochezwa humo: mara nyingi gitaa ni benga tupu. Hata mugithi, neno lenye maana ya gari la moshi kwa vile wachezaji hushikana wakafuatana kama mabehewa, wakati mwingine huingiza pambio la kanisa katikati ya nyimbo za baa. Kwa hivyo mipaka imevukwa kitambo, tena kutoka pande zote.

Biblia nayo haitusaidii kugawanya vyombo. Soma Danieli 3, pale Nebukadreza anapopigisha muziki ili watu waisujudie sanamu. Kisha soma Zaburi 150. Kinubi, zeze na filimbi vimo katika orodha zote mbili. Chombo kile kile, ibada mbili tofauti.

Lakini wale wanaosema muziki ni muziki tu, hapo nao nawakatalia. Mimi nilisomea biashara, na moja ya mambo ya kwanza unayofundishwa kuhusu matangazo ni kwamba mtu hubishana na maneno lakini habishani na wimbo. Utaimba tangazo la sabuni ukiosha vyombo hata kama hujawahi kuinunua. Mdundo ni kama matatu. Gari halina dhambi, lakini lina ruti, na lina abiria limewabeba.

Wazee wetu wa Kiambu na Murang'a waliliona hili. Mwaka 1929 makanisa ya misheni yalipowataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana, vijana walianza kuimba na kucheza muthirigu, wakiwadhihaki wamisheni na machifu. Wimbo ulienea hadi serikali ya mkoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930. Watu wengi walihama wakaanzisha makanisa na shule zao. Mimi naamini kuhusu maumivu ya wale wasichana wamisheni walikuwa na hoja ya haki. Lakini kosa kubwa lilikuwa kuifunga hoja hiyo pamoja na dharau kwa kila kitu cha Mkikuyu, ngoma zake zikiwemo, mpaka mtu akaona lazima achague kimoja. Nao wimbo, kwa utamu wake, ukawasaidia watu kulitetea jambo lililowaumiza binti zao wenyewe. Utamu haukuwa dhambi, lakini ulibeba.

Karibu na sisi kuna gengetone, iliyovuma kuanzia 2018 na kina Ethic. Watoto wetu walishika ile Sheng, wakashika na namna ya kumzungumzia msichana kama kitu cha kuchezewa, kabla mzazi hajajua jina la wimbo. Hapo shida si ngoma. Ni yule abiria.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa gitaa. Paulo alikutana na jambo linalofanana na hili kule Korintho: nyama iliyouzwa sokoni baada ya kutolewa kwa sanamu. Ukisoma 1 Wakorintho 8 na 10, utaona hakusema nyama imeharibika. Alisema sanamu si kitu. Lakini papo hapo akasema yeye yuko tayari kutokula nyama kabisa kama itamkwaza ndugu yake. Mambo mawili kwa pumzi moja. Nyama ni safi, na ndugu ni wa thamani kuliko nyama.

Katikati yetu wako ndugu walioacha pombe juzi juzi. Kwa ndugu kama huyo, mapigo fulani ya mugithi ni harufu ya meza aliyoikimbia. Shosho aliyeketi kando yake anasikia furaha tu. Kwa ajili ya huyo mmoja, naona si neno kundi la sifa likiacha mapigo hayo na kutumia mengine. Hiyo haimaanishi mugithi ni wa shetani. Ni upendo tu, na upendo huwa na gharama.

Gharama nyingine hatuipendi kuisema. Nani anamlisha huyu kijana? Baa inamlipa usiku ule ule, kwa M-Pesa, kabla hajafunga gitaa. Makanisa mengi ya hapa kwetu yanampa chai na "Mungu akubariki." Tunachukua ustadi aliounoa kule, tunausifu saa nne asubuhi, halafu tunamlaumu kwa pahali alipoupata. Katika hesabu yoyote, hiyo ni kutumia mali ya mtu bila kuilipia. Paulo huyo huyo, katika sura ya 9, anakumbusha kwamba anayehudumu madhabahuni hupata sehemu yake madhabahuni.

Uamuzi ni wa mchungaji wetu mkuu na baraza la wazee, na mimi nitautii. Maoni yangu ni haya. Kijana asiondolewe. Aketi na wazee, aulizwe anaimba maneno gani kule, kwa maana kuna nyimbo za kuwadhalilisha wanawake ambazo mdomo uleule hauwezi kuziimba usiku kisha uongoze ibada asubuhi. Hizo aziache kabisa. Na sisi tufanye sehemu yetu: tumpe posho ya kila mwezi inayojulikana, tumtafutie harusi za washirika, na watoto wa Sunday school wafundishwe gitaa naye kwa malipo. Tukimwambia aache kazi bila kumpa kazi, tumemwambia tu alale njaa kwa utakatifu wetu sisi.

Wazazi, wiki hii msikilize pamoja na mtoto wimbo mmoja anaoupenda, hadi mwisho, bila kumkemea. Kisha muulize: huyu anayeimba anataka ufanane na nani? Swali hilo litafanya kazi kuliko kumficha simu.

Mungu awabariki, na awape masikio ya kusikia.