Usisubiri Gari

Kuna wazo limekaa vichwani mwetu wakazi wa Dar es Salaam, na leo nataka tuling'oe. Wazo lenyewe ni kwamba kupanda daladala, kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli ni maisha ya kungojea. Siku mambo yakinyooka mtu atanunua gari, na hapo ndipo ataanza kuishi mjini. Basi watu wanangoja miaka ishirini. Wanapita Manzese wamenuna, wanashuka Kariakoo wamenuna, wanarudi nyumbani wamenuna, na jiji lao lote, lenye watu zaidi ya milioni 5 kwa hesabu ya Sensa ya 2022, hawalijui zaidi ya njia moja ya kwenda kazini.

Acha kungoja. Jiji hili unalo tayari. Ukiwa na kadi ya mabasi ya mwendokasi yenye salio, nauli ya daladala mfukoni, viatu vya maana na, ukijaliwa, baiskeli nzima, unaweza kwenda Bunju, Mbagala, Kigamboni au Kimara, na mara nyingi utamtangulia mwenye gari.

Simama Posta saa kumi na moja jioni ujionee. Magari yamebanana, honi zinalia, na ndani ya mengi ya magari hayo kuna mtu mmoja peke yake ameshika usukani, anaunguza mafuta hajasogea. Kutoka hapo hadi Kariakoo ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mzima anayetembea kawaida. Nusu saa hiyo ni ya uhakika: haitegemei trafiki, taa za barabarani wala msafara wa kiongozi. Aliye ndani ya gari hawezi kukuahidi atafika saa ngapi. Wewe unaweza. Kwangu mimi huo ni utajiri, na nasema hivyo kwa moyo mweupe.

Halafu tukumbuke tulikotoka. Kabla ya Mei 2016, aliyekuwa anakaa Kimara na kufanya kazi mjini alijua kwamba Barabara ya Morogoro inaweza kumla masaa mawili asubuhi na mengine mawili jioni. Mwezi huo mabasi yaendayo haraka, ndiyo mwendokasi, yakaanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni, na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani, jumla kama kilomita 21. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Barabara iligawanywa upya: basi likapewa njia yake katikati, na pembeni ikawekwa njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Mtu asiye na gari alihesabiwa tangu kwenye karatasi ya mchoro. Baada ya hapo njia nyingine zikaelekezwa Mbagala kupitia Barabara ya Kilwa na Gongo la Mboto kupitia Barabara ya Nyerere.

Najua utakachoniambia. Utaniambia habari za kituo cha Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wamesongamana, basi likija limejaa kabla halijasimama vizuri. Ni kweli. Abiria wana haki ya kudai mabasi zaidi, na wadai kwa sauti. Lakini angalia pia akili ambayo watu wa jiji hili wanayo bila kufundishwa na mtu. Anayekaa Baruti au Kona anageuza: anapanda basi la kurudi Kimara, anakaa na siti yake anayo. Anayekaa Sinza anajua siku ya kutembea hadi Shekilango na siku ya kutembea kwenda upande wa Mwenge. Anayekaa mbali na barabara kubwa, huko Bonyokwa, anajua ni bodaboda gani inayostahili hela yake na ni siku gani miguu inatosha. Huo ndio ufundi wa kusafiri. Mwenye gari ana njia moja. Ikizibwa, amezibwa nayo. Wewe jifunze njia tatu za kufika kila mahali unapokwenda mara kwa mara, uzishike kichwani.

Mvua za masika ndizo zinazotenganisha waliojiandaa na wasiojiandaa. Mto Msimbazi ukifurika, maji hupanda Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa pale kati ya Magomeni na Fire. Siku hiyo aliyezoea njia moja hukaa kituoni anamtazama mwenzake. Anayejua daladala za kupita Kinondoni na kushuka mjini kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi anaondoka. Daladala ina lugha yake: mstari wa rangi ubavuni na maandishi usoni hukuambia inatoka wapi na inakwenda wapi, na konda huimaliza habari kwa mdomo. Watu wa Buguruni, Vingunguti na Pugu wana treni pia. Treni ya mjini ilianza Oktoba 2012, watu wakaiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na reli haijui foleni ya magari ya makutano ya TAZARA.

Sasa nije kwenye baiskeli, maana hapa ndipo penye aibu isiyo na sababu. Nenda Feri alfajiri. Utamwona muuza samaki anafunga tenga nyuma ya baiskeli, anaondoka nalo kuelekea mitaani, na kabla jua halijakolea ameshapita milango mingi. Mtazame mlinzi anayetoka uswahilini kwenda lindo Masaki, usiku kwa usiku, hana foleni wala nauli. Mtazame muuza maji. Hawa ndio mabingwa wa barabara za Dar es Salaam, na wamebeba mizigo ambayo mimi na wewe tusingeisukuma hata mita mia. Lakini mtu akishapata cheti na meza ofisini, baiskeli anaiona ni ya maskini. Nani alimwambia? Sehemu kubwa ya jiji hili, ukiacha vilima vya Kimara na Pugu, ni tambarare. Mwendo wa polepole wa kilomita 15 kwa saa unakutoa Mwenge hadi Posta katika dakika arobaini hivi. Kwa gari, asubuhi ya siku ya kazi, shukuru ukifika ndani ya muda huo.

Jasho? Beba shati. Lifunge kwenye mfuko, ukifika ujifute, ulibadilishe. Mvua? Vaa koti la mvua kama waendesha bodaboda wanavyovaa. Kuibiwa? Nunua kufuli nzito, na mfanye fundi wa baiskeli, mlinzi au mama lishe wa karibu na kituo kuwa rafiki yako. Ukimwachia baiskeli asubuhi na hela kidogo, utaikuta jioni. Usiku weka taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Breki zikague kila wiki. Kaa kushoto, usipite kati ya daladala na ukingo wa kituo, kwa sababu ndipo abiria wanaposhukia. Na usiende peke yako kama unaogopa. Jiji lina UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, ambao kwa miaka mingi umedai njia salama na kuandaa misafara ya baiskeli mitaani. Msafara mmoja tu ukiwa katikati ya wenzako utaondoa woga wa miezi.

Kutembea sitakuuzia sana, mwili wenyewe utakuuzia. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Shuka kituo kimoja kabla, asubuhi na jioni, umalizie kwa mwendo wa haraka wa robo saa, na siku tano za kazi zimekwisha kukupa dakika hizo bure. Ukitaka raha yake, toka Kivukoni ufuate Barabara ya Barack Obama hadi Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari uko kuliani. Jiji hilohilo lililokuwa linakuchosha utaliona lina pumzi.

Lipo la uchungu, na silifichi. Mwenda kwa miguu hapa anapokonywa nafasi yake kila siku. Gari limeegeshwa juu ya njia ya miguu, mtaro hauna mfuniko, pundamilia imefutika na madereva wanaipita kama haipo. Mwenye kiti cha magurudumu anasukumwa barabarani katikati ya malori. Binti anayeshuka saa tatu usiku anakimbia kwenye kichochoro kisicho na taa. Mwanafunzi analipa nauli ndogo, kwa hiyo makonda wengine wanamkwepa, naye anatembea kandokando ya barabara kubwa akiwa na begi mgongoni.

Lakini hili linatengenezeka, na ushahidi umetoka hapahapa. Shirika la Amend lilianza kuzunguka shule za msingi zenye ajali nyingi, likaangalia watoto wanapopita, likaweka njia za miguu, matuta, alama na vivuko. Ni vitu vya bei nafuu vilivyowekwa mahali vinapohitajika. Mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya WRI, dola 250,000, kwa kazi iliyoanzia Dar es Salaam na kuenea nchi nyingine za Afrika. Tuta moja mbele ya geti la shule. Kipande cha njia ya miguu. Mtaa wako unashindwaje?

Kwa hiyo nakuomba mawili, ndugu msomaji. La kwanza ni la Jumamosi hii, siku isiyo na haraka: chagua mahali unapokwenda kila wiki, sokoni, kanisani, msikitini, kwa mama, uende kwa njia ambayo hujawahi kuitumia. Tembea, panda basi, azima baiskeli ya jirani, changanya. Pima muda kwa saa yako. La pili, mwenyekiti akiitisha mkutano wa mtaa, usikose. Simama, taja kwa jina kivuko kilichofutika, mtaro ulio wazi na taa isiyowaka, na uombe jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata nenda tena, uulize limefikia wapi.