Ramadhani 17: Msikilize na wa Pili



Mtume (s.a.w.) alipomtuma Ali (r.a.) Yemen kuwa kadhi, alimwambia asihukumu mpaka amsikilize na yule wa pili. Sasa tazama barabarani kwetu. Gari na bodaboda vimegongana. Mwenye gari yuko pale amesimama, anamweleza trafiki. Kijana wa bodaboda yuko hospitali, mguu umevunjika, anasubiri PF3, na ramani ya ajali imeshachorwa bila neno lake. Na sisi pembeni tumeshahukumu: "Hawa bodaboda bwana!"

Kweli, wapo wanaopita taa nyekundu. Kutovaa helmeti nako ni kosa. Lakini kosa hilo halithibitishi kwamba yeye ndiye aliyegonga.

Wewe askari uliyefunga, mfuate wodini uchukue maelezo yake kabla hujaandika nani mwenye kosa. Na wewe uliyeona kwa macho yako ukakimbilia futari, Suratul Baqara aya ya 283 inakataza kuficha ushahidi. Leo baada ya tarawehe, pita kituoni ukaandikishe ulichokiona.