Binti wa Herodia Alipata Nini?

Jioni ya Jumapili, katika vibanda vya video vya Kasulu na Kibondo, vijana huketi bega kwa bega juu ya mabenchi wakitazama sinema za ng'ambo ambazo mtu amezitilia maneno ya Kiswahili. Ni mara chache sinema ya majambazi kwisha pasipo kuingia katika klabu ya usiku. Wakubwa wa majambazi wameketi mezani wakipanga wizi wao, na nyuma yao, chini ya taa nyekundu, mwanamke anazunguka akivua nguo. Hana jina wala hasemi neno. Hatuambiwi alikula nini mchana, wala ni nani anayemshikia mtoto. Amewekwa pale kama pazia lilivyowekwa ukutani.

Hatuandiki haya ili kuwakemea vijana wale. Makemeo wameyasikia tayari, tena mengine kutoka kwa watu waliokuwa wamekaa nao benchi moja. Twataka kuuliza swali lisiloulizwa kibandani: mwanamke yule, usiku ukiisha, apata nini?

Yafaa tuanzie katika Injili. Mtakatifu Marko, katika sura ya 6, atusimulia karamu ya Herode siku ya kuzaliwa kwake, alipowaalika wakuu wake na majemadari. Binti wa Herodia akaingia akacheza. Wageni wakapendezwa, naye mfalme akamwapia kwamba atampa lo lote atakaloomba, hata nusu ya ufalme. Sasa msomaji na aangalie vizuri. Binti hakujua aombe nini. Akatoka nje kumwuliza mama yake. Mama ndiye aliyejua. Akarudi mbio, akaomba kichwa cha Yohane Mbatizaji katika sinia; akaletewa, akakichukua, akampa mama yake. Hayo ndiyo mapato yake yote. Aliyeahidiwa nusu ya ufalme alikuwa mchukuzi wa sinia tu. Starehe ilikuwa ya wageni, na faida ilikuwa ya Herodia.

Wenye sinema hawakuridhika na habari hiyo. Injili haisemi kwamba binti yule alivua hata ushungi, wala haimtaji jina. Jina la Salome twalipata kwa Yosefu, mwanahistoria Myahudi wa karne ile ile. Nayo ngoma ya shela saba yatoka katika tamthilia ya Oscar Wilde, mwishoni mwa karne ya 19. Kisha mwaka 1953 Hollywood ikatoa sinema ya Salome, mchezaji akiwa Rita Hayworth, na humo, ajabu ya Mungu, binti anacheza ili amwokoe Mbatizaji! Hila yenyewe ni rahisi. Mchezaji akipewa nia njema, mtazamaji aweza kukodoa macho pasipo kuona haya.

Hila hiyo haijazeeka. Mwaka 1990 ilitoka sinema ya Pretty Woman, habari ya kahaba na tajiri. Mwandishi alipoiandika mara ya kwanza, mwishoni mwanamke alitupwa nje ya gari pamoja na fedha zake. Wenye kampuni wakaigeuza, tajiri akarudi kumchukua na maua mkononi. Mwaka 1996 ikaja Striptease: mama anavua nguo klabuni ili apate fedha za kesi ya kumrudisha binti yake. Ilitangazwa kwamba Demi Moore, aliyemwigiza mama huyo, alilipwa dola milioni 12 na nusu. Hatuna habari ya mwanamke wa kazi hiyo, katika nchi yo yote, aliyepata kiasi hicho. Sinema ya Anora ya mwaka 2024, ambayo mwaka uliofuata ilipewa tuzo 5 za Oscar, hatushauri mzazi ye yote aiwashe mbele ya watoto. Lakini haki itendeke: hiyo angalau yaonyesha mchezaji akila chakula chake cha kopo katika chumba cha nyuma, na akimwambia mkubwa wake kwamba hana bima.

Maana ukweli wa kazi ile ni hesabu, na hesabu haipendezi machoni. Huko Marekani, katika klabu nyingi mchezaji hana mshahara. Yeye ndiye amlipaye mwenye nyumba ili aruhusiwe kuingia kazini usiku ule. Kisha humgawia mpiga muziki, na mlinzi wa mlangoni. Wateja wakiwa wachache, aweza kurudi kwake alfajiri akiwa na deni. Mwenye klabu husema kwamba huyu si mfanyakazi wake, ni mfanyabiashara anayejitegemea. Basi hana likizo, wala matibabu akianguka akavunjika mguu. Mahakama za huko zimewapa wachezaji haki mara nyingi katika jambo hilo. Mwaka 2023 wachezaji wa klabu moja ya Los Angeles walipiga kura kuingia katika chama cha wafanyakazi cha waigizaji, baada ya kusimama nje na mabango miezi mingi wakilalamika kwamba hawalindwi dhidi ya wateja wenye ukatili. Hakuna sinema ya majambazi iliyotuonyesha mabango hayo nyuma ya meza.

Msomaji wa Buha atasema: Los Angeles ni mbali. Lakini Kampala si mbali, na huko mchezo wa namna hii una jina lake, kimansulo. Dar es Salaam watu wamejua kanga moko. Tena mpaka kati ya mhudumu wa baa na mchezaji ni mwembamba kuliko tunavyopenda kuamini. Binti haondoki Kibondo akisema aenda kucheza uchi. Aondoka kwa kazi ya ndani, au ya hoteli, pamoja na mama mmoja aliyevaa vizuri aliyemlipia nauli. Akifika, nauli imekuwa deni. Kitanda ni deni, nguo ya kazi ni deni, na chupa iliyovunjwa na mlevi ni deni lake pia. Siku anapoambiwa kwamba kuna njia ya kulimaliza upesi, hana mtu wa kumwuliza.

Wazee wetu wa Kasulu na Kibondo wasishangae, maana wao wenyewe walipita humo. Tangu mwaka 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliwakusanya wanaume wa nyanda hizi wakaenda kuwa manamba huko Tanga na Morogoro. Walisikia habari za mshahara kabla ya kusikia habari za kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, ambayo siku isiyotimizwa haikutiwa alama. Waliorudi waliwafundisha wadogo zao kuuliza maswali. Mabinti wa leo hawana hata kipande cha kumwonyesha mtu. Na ingawa Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayokataza kusafirisha watu kwa udanganyifu, sheria haipandi basi pamoja nao.

Hatusemi kwamba kila mama mwenye shida ni Herodia. Mungu apishe mbali. Lakini simu inapolia, fedha zimeingia, bati zikanunuliwa, na nyumba nzima isiulize zimetoka wapi, basi sinia limepokelewa. Na akina baba wasijifiche nyuma ya mama. Karamu ile ilikuwa na wageni. Marko asema Herode alihuzunika, ila hakutaka kurudisha neno mbele ya walioketi naye. Wageni wa namna hiyo twawajua. Wengine hukaa benchi la mbele kanisani, na binti akirudi mgonjwa kwa Noeli, ndio wa kwanza kusogea asikae karibu nao.

Tarehe 8 Februari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, mtoto wa Sudani aliyeibwa akauzwa mara kadhaa. Na tangu mwaka 2015 siku hiyo ni ya kuwaombea watu wanaouzwa. Twawasihi wazazi wenye binti mjini wasingoje tarehe hiyo. Wampigie simu wiki hii, wasimwombe kitu. Wamwulize alala wapi, ni nani ashikaye kitambulisho chake, na kama akitaka kurudi kesho, nauli anayo.