Dhamana ya Fundi Asiyekuwepo

Methali husema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Barazani na penye mgawo wa urithi maneno hayo yana ukweli mwingi, kwani haki ya mtu asiyeonekana husahauliwa upesi, na hoja ya mtu asiyesema hushindwa kabla ya kusikilizwa. Lakini iko kazi moja ya zama hizi ambayo methali hiyo haiwezi kuihukumu. Ni kazi ya mtu anayebuni stuli, rafu au meza katika kompyuta, umbo lake likapelekwa kwenye mtambo wa leza katika mji mwingine, vipande vyake vikakatwa katika ubao mwembamba, vikalazwa bapa ndani ya boksi, vikasafirishwa, na mwishowe vikaunganishwa na mnunuzi nyumbani kwake. Mbuni hayupo ubao unapokatwa. Hayupo ulimi unapoingizwa katika tundu lake. Hayupo siku mtoto anapoikwea rafu ile ili afikie kitu kilicho juu. Je, mwenyewe asipokuwepo, dhamana yake nayo haipo?

Swali hili halikumsumbua seremala wa kale. Yeye alichagua ubao kwa jicho lake, akaupiga randa, akachonga ulimi kwa patasi, akaujaribu katika tundu, akaupunguza unywele mmoja, akaujaribu tena. Kosa la jicho lilisahihishwa na mkono, na kosa la mkono liligunduliwa na jicho. Tena aliishi pamoja na watu aliowatengenezea. Kiti kikivunjika, aliyeanguka alijua mlango wa kubisha hodi. Dhamana ya fundi wa namna hii haikuhitaji kuandikwa, maana ilikuwa na uso, ilikuwa na jina, na ilikutana na wateja wake sokoni kila siku.

Mtengano kati ya fundi na kazi yake haukuanza na kompyuta. Mwaka 1859 karakana ya Michael Thonet huko Austria ilitoa kiti namba 14, kilichofanywa kwa vipande 6 vya mti uliopindwa kwa mvuke, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1956, Gillis Lundgren wa Uswidi husimuliwa kuwa aliiondoa miguu ya meza ili meza ile iingie katika motokaa, na kwa jambo hilo dogo biashara kubwa ya fanicha za kufungasha bapa ikapata njia yake. Mwaka 1960 Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza nchini Marekani kwa kijiti cha yakuti. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha programu ya Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora kwa kalamu ya nuru juu ya kioo cha kompyuta. Mwaka 1964 Kumar Patel alibuni leza ya gesi ya kaboni dioksidi, na jamaa za leza hiyo ndizo zinazokata mbao hadi leo. Mambo haya yalizaliwa mbalimbali. Yalipokutana, fundi aliweza kufanya kazi yake yote bila ya kugusa hata kipande kimoja cha mti.

Mwenye kutaka kuipima dhamana ya mtu huyu hana budi kuitazama kazi yenyewe kwa karibu. Mbuni hujenga kwanza mfano katika kompyuta. Mfano ulio mzuri hauchukui vipimo kama namba zilizokufa, bali huvipa majina: unene wa ubao, upana wa ulimi, urefu wa mguu. Namba moja ikibadilishwa, zote zinazoitegemea huifuata. Kisha mfano hufunguliwa na vipande vyake kutandazwa juu ya karatasi moja, vikabanwa kama vipande vya kanga mikononi mwa mshoni mwangalifu, ili ubao usipotee bure. Hapo hesabu ndogo huanza. Leza haikati kama wembe unaopita na kuacha kila kitu mahali pake. Huteketeza njia yake. Katika plaiwudi nyembamba upana wa njia hiyo aghalabu ni kati ya milimita 0.1 na 0.3. Ikichukuliwa kuwa ni milimita 0.2, na mwali ukafuata katikati ya mstari, ulimi uliochorwa kwa upana wa milimita 20 hutoka na 19.8, na tundu lililochorwa kwa milimita 20 hutoka na 20.2. Kati yao hubaki nafasi ya milimita 0.4, na rafu iliyosimama imara katika kioo huyumba juu ya sakafu. Zaidi ya hayo, ubao unaouzwa kwa jina la milimita 3 huweza kuwa na 2.7 tu ukipimwa. Mbuni mjuzi hunenepesha ulimi na kulibana tundu kwa kiasi hicho hicho ambacho moto utakula, na huupima ubao wenyewe badala ya kuliamini jina lake.

Hesabu hii yaonekana kuwa ya ufundi mtupu, lakini ndani yake mna jambo la maadili. Kioo cha kompyuta humwonyesha mbuni kitu kilichokamilika kabla hakijakuwako. Katika kioo hakuna uzito isipokuwa ameuomba. Hakuna unyevu wa masika unaouvimbisha mti, wala ukavu wa kiangazi unaounywesha. Hakuna nyuzi za mti, ambazo kwa upande mmoja hustahimili mengi na kwa upande wa pili hupasuka upesi. Kila ungo huingia mahali pake bila ya kusukumwa, na kila pembe ni nyoofu. Mtu akikaa sana mbele ya uzuri huo huanza kuamini kwamba kazi yake imekwisha, na kwamba yaliyobaki ni mambo ya watu wengine. Hilo ndilo kosa la kwanza, na makosa mengine hutoka katika tumbo lake. Seremala wa kale hakuwa mwema kuliko mbuni wa leo. Mti wenyewe ulimkatalia alipodanganya. Mbuni wa leo hakataliwi na kitu cho chote, kwa hiyo hana budi kujikatalia mwenyewe.

Yuko atakayesema kwamba dhamana imehama pamoja na kazi. Mnunuzi amelipa bei ndogo kwa sababu amekubali kufanya sehemu ya kazi kwa mkono wake. Amepewa karatasi ya maelezo. Akiruka hatua ya tano kwa uvivu, au akakaza skrubu nusu, kosa ni lake, kama vile mpishi asivyolaumiwa kwa chakula alichokiunguza mtu mwingine. Hoja hii ina nguvu, wala si haki kuipuuza. Mtu mzima hatendewi kama mtoto. Kumvua kila dhamana ni kumvua heshima pia.

Lakini mambo yaliyotokea yameipima hoja hiyo. Mwaka 2016 kampuni moja kubwa ya fanicha iliyoanzia Uswidi ilitangaza kuyarudisha kutoka kwa wanunuzi wa Marekani makabati ya droo yapatayo milioni 29, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa na makabati ambayo hayakufungwa ukutani. Maelezo ya kampuni yaliagiza kabati lifungwe, na vifaa vya kufungia vilikuwamo ndani ya boksi. Wazazi wengi hawakufunga. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria inayotaka makabati ya nguo yajaribiwe uthabiti wake kwa namna yanavyotumiwa nyumbani: droo zikiwa na mizigo, chini pakiwa na zulia, na uzito kama wa mtoto wa kilo 27 ukiwa umening'inia. Ni vema kuufikiri ujumbe wa sheria hiyo. Haikusema kwamba wazazi wale hawakukosea. Ilisema kwamba kosa linalofanywa na watu wengi mno haliwi tena siri kwa mbuni. Limekuwa sifa mojawapo ya kitu alichokibuni, kama vile upana na urefu wake. Anayejua kwamba ulimi hupungua milimita 0.2 akaujazia, ajuaye pia kwamba watu wengi hawatatoboa ukuta, kwa nini asilijazie hilo?

Yuko na mwingine atakayeisukuma dhamana upande wa mtambo. Programu ilionyesha kwamba kila kitu ni sawa. Leza ilikata kama ilivyoagizwa. Maneno haya hayasimami hata kidogo. Mtambo una utii, hauna uchaguzi. Ukipewa plastiki ya PVC utaikata vile vile kama plaiwudi, na katika moshi wake itatoka gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo hudhuru mapafu ya mtu aliye karibu na kuila chuma ya mtambo wenyewe. Mtambo hautaonya. Haujui tofauti kati ya kukata na kudhuru. Patasi haikupata kushtakiwa kwa ubovu wa kiti, na leza, kwa wepesi wake wote, ni patasi ya nuru.

Basi je, haki ni mbuni amnyime mnunuzi kila nafasi ya kukosea? Wabuni wengine hufanya ndimi za upande mmoja kuwa pana kuliko za upande wa pili, ili kipande kiweze kuingia kwa njia moja tu, ile iliyo sawa. Huo ni ukarimu: mbuni amemtangulia mgeni wake njiani na kuliondoa jiwe kabla hajajikwaa. Lakini iko fikira nyingine yenye heshima yake. Mwaka 1974 Enzo Mari wa Italia alitoa michoro ya meza, viti na vitanda vya mbao za kawaida na misumari, kwa jina la Autoprogettazione, akampelekea mtu ye yote aliyelipa gharama za posta, isipokuwa viwanda na wafanya biashara. Hakukusudia kuwapatia watu fanicha rahisi tu. Alitaka mtu agonge msumari kwa mkono wake, aone kwa nini meza husimama na kwa nini huyumba, na akiisha kuelewa aweze kuvihukumu vitu anavyouziwa. Kwa Mari, kosa la mnunuzi lilikuwa sehemu ya mafundisho yake.

Fikira hizi mbili hazipingani kama zinavyoonekana. Zinatenganishwa na bei ya kosa. Pale ambapo kukosea kunaleta rafu iliyopinda na kicheko cha jirani, mwanadamu aachiwe uhuru wa kukosea, maana ujuzi hauna shule nyingine. Pale ambapo kukosea kunaleta mfupa uliovunjika au jeneza dogo, uhuru huo si zawadi bali ni mtego. Mbuni mwenye insafu hupambanua sehemu hizi mbili katika mchoro wake, na hatumii karatasi ya maelezo kuwa kinga ya mahali ambapo alipaswa kuweka ubao mnene zaidi.

Hata hivyo dhamana ina mpaka. Mchoro wa kompyuta hunakiliwa kwa wepesi. Mtu katika nchi ya mbali huweza kuukata katika ubao dhaifu ambao mbuni hakupata kuusikia. Haiwezekani mtu mmoja aulizwe juu ya kila jambo litakalotendwa na wanadamu wote. Lakini mpaka wa haki haupiti pale ambapo mbuni alikusudia. Unapita pale ambapo angaliweza kutazamia. Stuli hubuniwa kwa kukaliwa, na hakuna asiyejua kwamba itakanyagwa na mtu anayebadilisha taa. Kudai kwamba hilo halikukusudiwa ni kweli, lakini ni kweli isiyofaa kitu.

Kutokana na hayo kazi ya mbuni hupata sheria zake bila ya kuandikiwa na serikali. Akate kwanza kipande cha majaribio chenye matundu ya vipimo mbalimbali, autie ubao ndani yake, ndipo akate kilichobaki. Akiunganishe kitu kwa mikono yake, wala asitosheke na kukiona kikijiunganisha katika kioo. Akipakie mzigo mpaka kivunjike, apate kujua kinavunjikia wapi na kwa kiasi gani. Aandike juu ya mchoro aina ya ubao na unene wake wa kweli, ili anayenakili asiwe na udhuru wala hasara. Mwishowe ampe boksi mtu asiyemjua, pamoja na karatasi ya maelezo peke yake, akae kando na kunyamaza. Jaribio hili la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa sababu ulimi wake utawashwa kusaidia. Lakini siku ya haki hatakuwapo kusaidia, na kila neno ambalo angalitamani kulisema ni upungufu ulio katika mchoro wake.

Methali ya kale haikukosea juu ya watu wanaotaka haki zao: asiyekuwepo, lake hupotea. Juu ya watu wanaodaiwa wajibu wao mambo hugeuka. Fundi aliyekuwepo aliweza kurekebisha kosa lake kesho. Fundi asiyekuwepo hana kesho hiyo, kwa kuwa yote aliyo nayo ya kumlinda mgeni wake ameyafunga ndani ya boksi. Kwa hiyo kutokuwepo kwake hakumpunguzii dhamana, kunamwongezea.